Mpini wa Jembe kwenye Ngazi ya Somanda

Nilirudi Bariadi na diploma ya ujenzi niliyoisomea kwa jasho langu mwenyewe, miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuja kugombea pamba yetu na maduka yakajaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu. Nikajenga nyumba Somanda, yenye chumba juu na ngazi ya mbao nje. Mtaani kwetu hakukuwa na nyingine. Watu walikuja kuitazama, nami sikuwazuia.

Chumba cha juu kilikuwa cha mama. Macho yake yalikuwa yamefifia, naye alikuwa akiishi peke yake kijijini Zagayu. Alikuja na sharti moja: "Nikipanda na kushuka mwenyewe, nahamia. Nikishikwa mkono kama mgonjwa, narudi kwangu."

Alipanda vizuri, akipapasa ukuta. Kushuka, akageuka akanipa mgongo, kama wanawake wa kwetu wanavyoshuka ghalani, uso kwenye ngazi na mikono yote miwili kazini. Hilo sikufundishwa chuoni. Ubao wa kushikia niliuweka mpana na bapa, nilivyouona kwenye majengo ya Dar es Salaam. Vidole vyake havikuweza kuuzunguka. Kwenye kipandio cha tatu vikateleza, akadaka nguzo iliyoubeba ubao huo. Misumari ikalia, nguzo ikapasuka pale nilipoichonga nusu ya unene wake ili ikae vizuri kwenye boriti ya ubavuni mwa ngazi. Mama akabaki ameikumbatia boriti.

"Fundi wa diploma!" jirani akaita kutoka barazani kwake. "Nguzo hiyo ni ya kushika au ya kupambia?"

Nilipanda mbio. Mama akaukwepa mkono wangu, akashuka mwenyewe, kidogo kidogo, hadi chini.

"Mayu, nisamehe," nikamwambia mama.

"Ubao ule watalalia kuku," akajibu. "Lete jembe."

Nikaleta. Akavikunja vidole vyangu kwenye mpini, akavibana hadi kidole gumba kikagusa vingine. "Hapa mtu haanguki."

Mimi niliyejua kukokotoa uzito wa paa, nilisimama pale nikiuangalia mkono wangu kama sijawahi kuuona.

Nikabomoa. Nguzo mpya sikuzichonga hata kidogo. Nilizisimamisha nzima ubavuni mwa boriti, kila moja na bolti mbili zilizopenya hadi upande wa pili, moja juu na moja chini, zikiwa mbali mbali. Nikaziegemea kwa bega kama dume linavyosukuma zizi. Hazikutikisika. Kisha nikaranda mti wa mninga wa kushikia, wenye unene wa mpini ule, nikaufunga pande zote mbili za ngazi, bila kukatika kutoka juu hadi chini.

Mama akapanda. Akageuka, akashuka kinyumenyume, viganja vikiteleza juu ya mti bila kuachia. Jirani akasimama barazani kwake kutazama.

Mguu wake ukagusa ardhi. Akajifuta mikono kwenye kanga.

"Tuma mtu Zagayu akalete godoro langu," akasema. "Na kuku."