Siku Niliyombeba Mama Mkwe

Gari langu lilinifikia likiwa limeshachosha watu wawili. Nililinunua hapa Kitale kwa mwalimu mwenzangu aliyekuwa akistaafu, naye alinikabidhi funguo kwa uso wa mtu aliyetua mzigo. Mwaka ule ule mshale wa joto ukafa. Mlango wa nyuma wa kushoto ukagoma kufunguka kwa ndani, ikawa anayeketi huko hashuki mpaka afunguliwe. Kisha rejeta ikaanza kuvuja, na injini isiyopozwa, hata mimi ninayefundisha Kiswahili najua mwisho wake.

Fundi wangu wa nyuma ya soko alishaacha kunitajia vipuri vipya. Alikuwa akinitazama viatu kwanza, halafu ananitafutia njia.

"Mwalimu, si tuweke tu manjano," alisema. "Ile ya kupika. Inaenda inaziba hako kashimo yenyewe, bana. Ukijipanga utarudi."

Akamimina pakiti nzima ndani ya rejeta, akajazia maji ya mfereji. Kuhusu mshale, akaniambia niwe natazama kioo cha ndani: nikiona moshi mweupe nyuma yangu, nisimame mara moja. Basi nikawa naendesha hivyo, jicho moja barabarani, jingine kiooni, na roho mkononi.

Wakati huo mama mkwe, anayeishi Kibabii, alikuwa anapoteza macho. Moja lilikuwa limeshafunga kabisa. La pili lilikuwa bado linaona vivuli na rangi, na tuliambiwa kwamba likifanyiwa upasuaji mapema litapona. Daktari wa macho kutoka mbali alikuwa anakuja hospitali ya misheni kule Lugulu kwa siku moja tu. Mke wangu alitangulia alfajiri kushika nafasi kwenye foleni. Mimi nilipaswa kumchukua mama pamoja na shemeji yangu, ambaye angeketi naye nyuma. Nilipofika Kibabii, shemeji alikuwa kitandani anatetemeka kwa malaria.

Lazima nieleze. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Hatupeani mikono, hatuli pamoja, na nikiingia uani mwake yeye hupitia nyuma ya jikoni. Neno lolote kati yetu hupitia kwa mke wangu. Kwa miaka yote ya ndoa yangu sikuwa nimewahi kubaki naye peke yetu hata barazani. Sasa jirani alikuwa anamshika mkono, anamwingiza kwenye gari langu, kiti cha nyuma kushoto, amejifunika leso mpaka kwenye nyusi. Alivua viatu kabla ya kuingia, kama watu wanavyofanya sebuleni. Nikaona haya kwa ajili ya kile kizulia changu kilichochakaa.

Kabla ya kuondoa gari nilikigeuza kioo kikatazama dari, nisije nikakutana na uso wake. Nilifanya hivyo kwa heshima, na nilijisikia vizuri.

Tulipita Bungoma mjini, tukapita Webuye, hakuna aliyekohoa. Tulipoanza kupanda kuelekea Lugulu injini ikaanza kugonga. Nikakanyaga mafuta, ikazidi kugonga, kisha ikazima. Kugeuka dirishani, moshi mweupe ulikuwa umefunika barabara yote nyuma yetu.

Nilifungua boneti, kwa sababu mwanamume akiharibikiwa na gari hufungua boneti. Hapakuwa na tone la maji kwenye rejeta. Hospitali haikuwa mbali tena, na bodaboda zilikuwa zinapita. Nikamfungulia mama mlango, nikaenda kusimama mtaroni na kumpa mgongo, nikamwomba mwanamke mmoja aliyekuwa anapita na ndizi anisemee kwamba ashuke apande boda.

Yule mwanamke akarudi. "Ati hashuki. Anasema atangoja msichana wake."

"Mwambie daktari ataenda."

"Nimemwambia, bwana. Amejifunika tu, hasemi kitu."

Nilimkasirikia. Nasema ukweli, pale mtaroni nilimkasirikia mama wa watu, nikafikiri ni maringo ya kutotaka pikipiki. Ningefanya nini? Kumshika mkono nisingeweza, kumsihi mwenyewe nisingeweza, na gari lilikuwa limekufa. Nikampigia mke wangu. Akaacha foleni akaja na boda, akaniamuru nisogee mbali zaidi, hata nisigeuke. Walipoondoka, mama alikuwa amefungwa leso ya mke wangu kiunoni juu ya nguo zake. Walifika daktari akiwa ameshaondoka.

Daktari huyo hajarudi tena. Lile jicho la pili lilifunga kabla hatujapata pesa za kumpeleka kwingine. Gari nalo lilivutwa mpaka Kitale, fundi akasema kichwa cha injini kimepasuka, na sasa liko juu ya mawe nyuma ya nyumba yangu. Kuku wanalala ndani.

Siku iliyofuata, jikoni, nilimuuliza mke wangu kwa nini mama alikataa kushuka. Alikuwa anachambua maharagwe, na hakuinua macho.

"Mpira mmoja wa maji ulipasuka huko chini ya dashibodi," alisema. "Maji yakaja nyuma kwake. Yakalowesha zulia, yakalowesha nguo yake. Tangu Webuye."

"Si angesema!"

"Angesemaje, Baba Watoto? Alisikia maji ya moto miguuni. Akainama akaangalia na lile jicho lake, akaona ni ya manjano." Akasukuma sinia pembeni. "Alijua ungefikiri ni yeye."