Baba Anapanda Miti Upya Kila Nikienda Kukagua

Admin, nifichie jina, na kijiji usikitaje, maana Sikonge tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, naishi Mtendeni, Tabora mjini. Kazi yangu ni kufuatilia mradi wa wafadhili wa kurudisha miti kwenye mabonde yaliyokauka. Naenda kuangalia kama iliyopandwa imeshika au imekufa. Bonde mojawapo liko kijijini kwetu, na mwenyekiti wa kamati yake ni baba yangu mzazi. Najua mtasema, sasa wewe ulikubalije kumkagua baba yako? Nilijivunia, basi.

Kila nikienda na wageni, miti ya baba inang'aa kuliko ya vijiji vyote. Wageni wanapiga picha, mzee anacheka mpaka jino la mwisho. Safari hii nilimpigia simu jioni kwamba naja, asubuhi nikafika peke yangu. Nikaona mche umeinama, nikaushika niunyooshe. Ukang'oka wote, na mizizi bado imo ndani ya kiriba cha plastiki, vilevile ulivyotoka kitaluni. Nikavuta wa pili, yale yale. Jamani, nilikaa chini kwenye vumbi.

Nikamfuata nyumbani. "Shikamoo baba. Ile miti umeipanda lini?"

Hata hakubisha. "Ya mwanzo ilikufa yote, mwanangu. Bonde lile kiangazi halina maji kabisa. Sasa mgeni akija, si unafagia ua? Nikuache uaibike mbele ya watu wako?"

Kumbe kila akisikia tunakuja anachukua miche mipya, anaipanda, anaimwagilia kwa madumu ya maji anayobeba kwa baiskeli. Mzee wa umri ule! Nilitaka kumfokea, nikaishia kulia. Nilimwomba aache. Hakuacha. Wiki iliyopita alianguka na baiskeli, madumu yakamwangukia, nyonga ikavunjika. Alikuwa anapeleka maji, eti labda itashika kabla wageni hawajarudi. Sasa amelazwa hapa hospitali ya Kitete.

Kinachoniua zaidi ni hiki. Wafadhili wameipenda kazi ya baba, wanataka wapande vivyo hivyo kijiji cha pili, kwa wajomba zangu. Bonde la kule watu wanalima mpunga. Mjomba amekubali kuyaachia majaruba yake, na ndiyo yanayolisha nyumba yake nzima. Nilimuuliza, "Mjomba, una hakika?" Akanicheka. "Kama imeota kwa shemeji, kwetu itashindwaje? Shemeji hawezi kunidanganya."

Nikasema naenda haja, nikaenda kulilia chooni.

Ofisini wanasubiri neno langu Jumatatu. Nikisema ukweli, baba ataitwa mwongo kijiji kizima, naye yuko kitandani hawezi hata kusimama. Nikinyamaza, mjomba atapoteza shamba kwa miti itakayokufa, na wale watoto watakula nini? Msiniambie nimwombe baba aseme mwenyewe. Nimejaribu, anageuza uso ukutani.

Leo nimempelekea uji. Kabla hajaugusa akaniuliza, "Kule bondeni mvua imenyesha?"

Haijanyesha hata tone. Nikamwambia, imenyesha baba, tena kubwa. Akatabasamu, akanywa uji wote.

Ndugu zangu, na mimi nimeshaanza kufagia ua. Mwenzenu nifanyeje?