Landrover ya Mafuta ya Ng'ombe

Mtu akikuambia kwamba Munyakazi ni fundi wa magari, jua huyo ni mgeni. Munyakazi ni fundi wa chukudu. Vilima vya Masisi vyote vinazijua chukudu zake, zile za mbao zenye magurudumu mawili, ambazo vijana huzipakia viazi na makabichi wakateremka nazo sokoni huku goti moja liko juu ya ubao. Mti wake ni mkaratusi, chombo chake ni panga na tezo, na ekseli zake huzipaka mafuta ya ng'ombe, kama mafundi wote waliomtangulia. Gari la injini ameligusa moja tu maishani, na hilo moja limemla ujana wote na sasa linamla uzee.

Ni Landrover ya zamani sana. Ilikuwa ya tajiri mmoja mzungu mwenye shamba la ng'ombe kule juu, na dereva wake alikuwa Kanyamibwa, baba yake Munyakazi. Tajiri alipofunga virago enzi za Zaire, alimwachia dereva wake gari kama zawadi ya kuagana, injini ikiwa imekwisha kukata roho. Zawadi ya namna hiyo mtu huipokea kwa mikono miwili na shingo upande. Wanaume wa kilima walilisukuma hadi nyuma ya nyumba, likawekwa penye migomba, na Kanyamibwa akaingia kaburini akiwa bado anasema atalitengeneza. Kuku wakahamia humo.

Sasa, miaka yote Kanyamibwa alipoliendesha gari lile, mkewe Nyiransengimana hakuwahi kukaa mbele. Ilikuwa amri ya tajiri: mbele ni yeye na dereva, wengine wote nyuma na madebe ya maziwa. Mara ngapi mama huyu alikutana na mumewe njiani, yeye peku na kapu la viazi mgongoni, katika ule ukungu wa asubuhi unaouma vidole, na mumewe akapita akiinua mkono tu kwa sababu tajiri amekaa ubavuni! Jioni Kanyamibwa alirudi nyumbani na aibu yake, na kwa kuwa hakujua kuomba msamaha, alisimulia.

"Kule mbele miguu inaota moto," alikuwa akisema. "Moto ya injini inapita chini, ni kama uko ku jiko."

"Uongo ya madereva," mkewe alimjibu, akicheka.

Wakataniana hivyo mpaka mauti yakawatenganisha. Bibi huyo huwasimulia wajukuu mpaka leo, na akifika hapo penye miguu na moto hucheka.

Munyakazi alianza kulitengeneza gari taratibu baada ya mazishi ya baba yake, leo bolti, kesho kutu, kama mtu anayepalilia shamba ambalo hana haraka nalo. Kilichomtia haraka ni miguu ya mama yake. Ilianza kuvimba, ikakataa vilima, mwishowe ikakataa hata ua. Hapo Patient, mkubwa wa chama cha ngobi, akaja kupiga hodi. Ngobi ni machela ya kusuka, na huko kila kilima kina wanaume wake wa kubeba. Mgonjwa akishawekwa ndani, hashuki mpaka mlango wa hospitali; wabebaji hubadilishana mabega huku wakitembea, na hakuna anayemwambia mgonjwa "teremka kidogo, hapa pamepanda." Patient alisema watamchukua Mama kwenye Misa kila Jumapili, bila shida.

Nyiransengimana alimkaribisha, akampa maziwa, kisha akamjibu.

"Ngobi inanipeleka ku kaburi, hiyo sitakataa, sitakuwa na mudomo. Lakini ku Misa nitaenda siku motokari ya bwana yangu itanipeleka. Na nitakaa mbele."

Epiphanie, mkewe Munyakazi, alidhani mkwewe anatania. Munyakazi hakudhani hivyo. Alitoka nje, akafukuza kuku, akafungua boneti, na tangu siku ile alijua anashindana na kaburi.

Lazima niseme ukweli, mimi namstahi sana mtu huyu. Bati la ubavu lilikuwa limeliwa na kutu na kupondeka. Yeye alichonga umbo la ubavu huo kwa mkaratusi, akalaza bati jipya juu yake, akaligonga kwa nyundo ya mti hadi likakubali kupinda. Kiti cha mbele cha abiria alikitengeneza kwa mbao, akakifunika ngozi ya ng'ombe, na hakuna aliyeruhusiwa kukikalia, hata Epiphanie. Vita vilipopanda kilimani na watu wakakimbia na magodoro na masufuria, Munyakazi alifukia magurudumu shambani, akakimbia mama yake akiwa mgongoni na karburateri ikiwa kifuani, imefungwa kwenye kitenge cha mkewe.

"Batu banakimbia na matela ya kulalia," Epiphanie aliwaambia majirani kambini, "bwana yangu anakimbia na karburateri." Lakini kitenge hakukidai.

Waliporudi, gari lilikuwa palepale, limepoteza vioo tu. Injini ilikubali kuwaka msimu wa mavuno ya maharage. Kilima kizima kilikuja kuangalia, na Munyakazi, kwa furaha, akatangaza kwamba ataliteremsha hadi barabarani akalijaribu. Ndipo alipofanya kosa ambalo fundi mwingine popote duniani asingeweza kulifanya. Vitovu vya magurudumu alikuwa amevijaza mafuta ya ng'ombe, safi kabisa, ya ng'ombe wake mwenyewe. Mazoea yana taabu. Kwenye chukudu kitovu ni cha mti, nao mti hunywa mafuta ukatulia. Lakini chuma kikipata moto hakinywi kitu. Mafuta yaliyeyuka, yakapita kwenye mpira wa kuzibia uliochoka, yakaingia kwenye breki.

Gari likateremka likinukia kama jikoni. Munyakazi alikanyaga breki, breki ikamtelezea. Akakanyaga tena, akawaona mbuzi wa Patient wakikimbia. Mwishowe alilielekeza kwenye shamba lake la viazi, likalima matuta kadhaa na kusimama. Hakuna aliyeumia. Ila jina lilikuwa limeshapatikana, na tangu hapo hata watoto wa shule walilijua: Landrover ya mafuta ya ng'ombe. Watu walisema kuondoka kumemshinda Kanyamibwa na kusimama kumemshinda mwanawe.

Wengine wangeacha. Na mama alikuwa amedhoofika. Baridi ya msimu huo ilimwachia kikohozi, na padri alishakuja nyumbani kumpa mpako wa wagonjwa. Munyakazi alikaa kando ya kitanda chake, kofia mkononi.

"Mama, ukubali ngobi. Hii motokari inanishinda."

Nyiransengimana alijiinua kwa kiwiko. "Haikukushinda," alisema. "Ni kusimama njo ulisahau kuitengeneza. Enda, utengeneze."

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Munyakazi alipakia jibini za Masisi kwenye pikipiki ya kukodi, akaingia msituni hadi Mubi, kwa mzee Michel, ambaye uani kwake kulikuwa na Landrover nyingine iliyokufa, mbuzi wakilala ndani. Michel ni mtu wa msitu, mkulima na mwindaji, na alicheka hadi akashika mbavu aliposikia habari za mafuta. Kisha alivua shati, akalala chini ya gari pamoja na mgeni wake, wakafungua breki zote na mipira yake. Akamfungia na kopo la grisi.

"Ya ng'ombe ni ya kukula, Papa Munyakazi," alimwambia. "Hii njo ya gurudumu." Alizipokea jibini, akamwita mkewe aje aonje.

Jumapili moja yenye ukungu, Munyakazi alimbeba mama yake mikononi, akamweka mbele. Mama alivaa kitenge chake cha sikukuu na viatu vya plastiki. Alishika ukingo wa dirisha lisilo na kioo, akatazama mbele tu, kama mtu aliye katika picha. Watu walisimama kandokando ya njia, na safari hii hawakucheka.

Gari lilipanda vizuri hadi kwenye mwinuko wa mwisho chini ya kanisa. Hapo matope yalikuwa mengi, injini ikashtuka, ikazimika. Munyakazi aliiwasha mara nyingi, ikakohoa tu. Aliinamisha kichwa kwenye usukani. Wanaume wa ngobi walikuwa wakija Misa kwa miguu nyuma yao, Patient mbele yao.

"Mama, ushuke kidogo," Munyakazi alisema. "Ikuwe mwepesi, tusukume."

Patient alikuwa ameshaweka bega lake kwenye bati. "Asishuke," alisema. "Muntu wenye banabeba hashukake mu njia. Unajua sheria."

Nyiransengimana aligeuza kichwa polepole, akamwangalia yule mwanaume ambaye yeye aliikataa ngobi yake.

"Wewe Patient," alisema, "umenipata."

Walisukuma wote, wakibadilishana mabega bila kusimama, wakiimba wimbo wao wa kubeba, matope hadi magotini. Katikati ya kilima Munyakazi aliachia klachi, injini ikashika, gari likawaponyoka wanaume likapanda lenyewe, likifuka moshi. Lilifika uwanjani mwa kanisa kwa kasi, na waumini waliokuwa wamesimama mlangoni wakarudi nyuma, maana kila mmoja alikumbuka viazi. Munyakazi alikanyaga. Gari lilisimama palepale.

Alizunguka haraka kumfungulia mama yake mlango, akanyoosha mikono. Mama hakuishika. Alikuwa amevua viatu. Nyayo zake zilizovimba zilikuwa zimelala juu ya bati la sakafu, vidole vimetanuliwa.

"Mama, Misa inaanza."

"Ingojee," alisema, na machozi yalikuwa yakimteremka bila yeye kuyafuta. "Ni kweli iko moto. Baba yako hakuwa muongo."