Matairi ya Kuwahi Nyumbani

Mwaka ule tulikuwa na gari moja, mtoto mmoja na zamu mbili zisizopatana. Mimi nilifanya kazi chumba cha barua katika ofisi moja ya katikati ya Washington, naingia saa kumi na moja alfajiri, natoka saa saba mchana. Mke wangu alikuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee kule Springfield, kuanzia saa tisa. Saa nane na robo ilikuwa lazima awe ameshawasha gari kutoka kwetu Falls Church, na mtoto hakuwa na mtu mwingine wa kubaki naye ila mimi. Kwa treni na basi nilifika saa nane na dakika kumi, nikapokea mtoto mlangoni kama mzigo wa posta. Mazungumzo yetu ya ndoa yalikuwa: ameshakula, hajalala, nepi zimebaki tatu.

Ndipo nikanunua baiskeli ya mbio kwa jirani aliyekuwa akihama. Ilikuwa nyepesi, na matairi yake membamba kama kidole gumba. Kuna njia ya baiskeli iliyopita palipokuwa na reli ya zamani, na siku nikipata upepo mzuri nilifika nyumbani saa nane kasorobo. Nusu saa nzima na mke wangu. Niliipenda nusu saa ile kuliko siku ya mshahara.

Shida ilikuwa pancha. Karibu na daraja moja kulikuwa na vigae vya chupa ambavyo hakuna aliyevifagia, na ndani ya wiki moja vilinitoboa mara mbili. Mara ya pili mke wangu alichelewa kazini. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, hilo ni jambo dogo. Mimi nimekulia Tabora, mji wa baiskeli, na baba yangu mdogo alikuwa fundi. Dawa ya pancha niliijua tangu sijaota ndevu: unakata ukanda wa tairi kuukuu, unauzungusha ndani ya tairi zima, kisha ndipo unaweka tyubu. Kule kwetu mtu alipakia magunia mawili ya mkaa juu ya tairi la namna hiyo na akafika salama. Nikaharibu kisu kizuri cha jikoni kwa kukata ukanda ule, nikafunga gurudumu, nikajipongeza.

Wiki iliyofuata nikapata pancha tatu. Nikaongeza ukanda wa pili. Siku niliyoingia mlangoni saa tisa kasorobo, nikisukuma baiskeli, mke wangu alikuwa amekaa ngazini na yunifomu yake, mtoto mapajani, funguo mkononi.

“Supervisor amenipigia,” alisema. Yeye ni wa Kakamega, na akikasirika sauti yake hushuka. “Hii ni mara ya pili. Nikilate tena ananiweka night shift.”

Zamu ya usiku maana yake angerudi saa mbili asubuhi, na mimi nimeshaondoka saa kumi alfajiri. Mtoto angebaki na nani? Ingebidi aache kazi.

“Mzee, si upeleke hiyo baiskeli kwa watu wanaojua?”

“Mimi najua, mama.”

Alinipa mtoto, akaondoka. Niliona haya usiku kucha.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, sina kazi, nikaenda duka la baiskeli, Arlington. Fundi alikuwa mama wa makamo, kucha zake nyeusi kwa grisi. Alifungua tairi, akavuta ule ukanda wangu kwa vidole viwili kama unywele uliokutwa kwenye pilau.

“Nani aliweka hii?”

“Niliinunua hivyo hivyo,” nikasema. Mungu anisamehe.

Akajaza tyubu upepo, akanionyesha matundu. Ukiacha mawili ya mwanzo, yote yalikuwa yamepangana mstari mmoja, pale pale ulipopita ukingo wa ukanda. Tairi nene la mizigo, alisema, linaweza kuvumilia kitu kama hicho. Hili jembamba linajazwa upepo mpaka linakuwa gumu kama mfupa, na tyubu yake ni laini. Ukingo unaisaga kila gurudumu linapozunguka. Vigae vilinitoboa mara mbili tu. Zilizobaki nilijitoboa mwenyewe.

Akaweka matairi matatu mezani. La kwanza lilikuwa la mashindano, jepesi ajabu, na mkono wangu ulilikamata bila kuniuliza. La pili lilikuwa zito, halipitishi hata msumari, lakini kulisukuma kilomita ishirini ungefika umezeeka. La tatu lilikuwa kati, pana kidogo kuliko langu, na chini ya mpira lilikuwa na utepe wa kitambaa kigumu uliofumwa humo humo kiwandani.

“Unakimbilia nini?” aliniuliza, akiona sitaki kuachia lile la mashindano.

Nikamwambia ukweli safari hii: mke wangu anaondoka saa nane na robo.

Alilitoa lile jepesi mkononi mwangu akalirudisha rafuni. “Mtu wa namna yako hahitaji tairi linaloenda kasi siku nne. Anahitaji linalomfikisha siku zote tano.” Akanifungia lile la kati, mbele na nyuma.

Siku ya kwanza ya matairi hayo nilipita vile vigae roho mkononi. Hakuna kilichotokea. Nilifika saa nane kasorobo, na mke wangu aliponiona akashtuka.

“Umefutwa kazi?”

“Nimenunua matairi.”

Ugali ulikuwa bado unafuka. Tulikaa mezani wote watatu, na nikamwambia kila kitu, ukanda, matundu, hata uongo wangu kwa fundi. Alicheka mpaka akaegemea bega langu, na mtoto akacheka kwa kuwa mama yake anacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu tuhamie nyumba ile. Saa nane na robo ikafika, nikamwonyesha saa ya ukutani.

Aliitazama, akajivutia bakuli la sukuma wiki.

“Wacha nimalize kwanza,” alisema. “Beltway saa hii haina watu.”

Haikuwa kweli hata kidogo; saa ile barabara kuu hiyo hujaa magari. Nikamwongezea ugali.