Dafu la Asmahani

Kijijini Mwera, wilaya ya Pangani, hapakuwa na mtoto aliyeharisha bila Bi Mastura kuitwa. Dawa yake aliirithi kwa mama yake: mtoto afungiwe maji siku mbili, tumbo likauke. "Mtungi unaovuja hautiwi maji," alizoea kusema, na watu walimtii.

Mwaka 1954, baada ya masika, ugonjwa uliingia nyumbani kwake. Mjukuu wake Asmahani, mwenye miaka mitatu, aliamka anaharisha. Jioni Saleha, mama wa mtoto, akatoboa dafu.

"Mama, mwonjeshe japo funda moja. Midomo imempasuka."

"Weka chini! Wewe mwenyewe nilikufungia maji, na leo una ulimi wa kunijibu."

Saleha akaliweka dafu kizingitini.

Siku ya pili mtoto hakukojoa tena. Macho yalizama. Kisha akaanza kuhema, pumzi nzito za haraka, kama mtu aliyepanda mlima. Bi Mastura akadhani ni kifua, akamsugua kwa mafuta ya nazi na kitunguu saumu. Pumzi hazikupungua. Ndipo alipokubali wampeleke zahanati mjini Pangani.

Dresa Eliudi, mhudumu wa zahanati hiyo, Mbondei wa makamo, alimsikiliza kifua kwa muda mrefu.

"Kifua ni kizima, bibi. Anayeharisha hapotezi maji tu. Hupoteza chumvi, na yale magadi yanayopunguza ukali wa damu. Figo zingeutoa ukali huo, yaani asidi, kwa mkojo, lakini bila maji hakuna mkojo. Sasa mapafu yamebaki peke yao kuutoa kwa pumzi. Ndiyo maana anahema hivi. Amekunywa nini tangu jana?"

Saleha ndiye aliyejibu: "Hajanywa kitu."

Eliudi alitafuta mshipa ili amtie maji ya chumvi. Mikononi hakuupata, miguuni hakuupata. Alasiri pumzi zikaanza kupungua.

"Alhamdulillahi," akasema Bi Mastura, "ametulia."

"Amechoka, bibi," akasema Eliudi.

Walimzika Asmahani kesho yake.

Siku ya tatu ya matanga alikuja jirani yao, Mboni.

"Shikamoo, Bi Mastura. Mwanangu Uweso anaharisha. Nimemfungia maji tangu asubuhi, kama ulivyotufunza."

Bi Mastura alisimama hata ukaya ukamdondoka kichwani.

"Mpe! Mpe madafu, mpe maji ya wali, mpe mpaka akatae mwenyewe. Kimbia!"

Mboni akakimbia. Saleha, aliyekaa ameegemea ukuta, hakuinua uso kumtazama mama yake. Kizingitini dafu lilikuwa palepale, limechacha, wala hakuna aliyethubutu kulitupa.