Simu ya Kisanduku cha Sabuni

Jumanne saa nne asubuhi nilikuwa naanika nguo simu yangu ilipoita. Nikatazama kioo, nikaona namba ya ile simu ambayo kaka yangu aliiunda mwenyewe ndani ya kisanduku cha sabuni. Nikapokea, nikasema nilichokuwa nikisema kwa miaka minne: "Sikusikii, kaka, unakwaruza." Nikakata, nikaendelea na shuka.

Ikaita tena. Safari hii sauti iliniwahi.

"Dada, usikate. Ni mimi, fundi cherehani. Kaka yako ameanguka hapa mezani. Tulimkimbiza zahanati, wakasema tumechelewa. Amefariki, dada. Simu yangu haina chaji, napiga kwa hii yake, na namba yako imeandikwa hapa kwenye daftari lake."

Sauti ilikuwa safi kabisa. Nilisikia hata mlango wa chumba chao cha kazi ukigongagonga kwa upepo. Mungu anisamehe, kilichonijia kwanza hakikuwa kilio. Niliwaza: simu yake imekubali. Kilio kilikuja baadaye, nikiwa nimekaa chini na shuka lililolowa mapajani.

Kaka yangu alikuwa fundi redio. Watu walimwita Haloo, kwa sababu neno hilo alilisema mara nyingi kwa siku kuliko jina la Bwana, jambo ambalo mchungaji wetu alimkumbusha mara kadhaa. Kisa chote kilianza siku alipotaka kutengeneza simu ya mama. Aliizungusha mkononi akitafuta skrubu, hakuiona hata moja. Ilikuwa imegandishwa kwa gundi pande zote. Dukani wakamwambia anunue nyingine. Alirudi amenuna kama mtu aliyeambiwa amtupe mtoto kwa sababu ana mafua.

Akaamua kuunda simu ambayo mtu yeyote mwenye bisibisi ataifungua, na michoro yake ataigawa bure kwa atakayeitaka. Alikuwa akiandikiana na watu wa nchi za mbali wenye wazimu huo huo, watu wazima wenye ndevu, kwa mujibu wa picha zao. Mimi alinieleza nikiwa nachambua mchele. "Kioo si tatizo, mdogo wangu, wala betri si tatizo. Tatizo ni kibao cha redio, hiki kinachoongea na mnara. Vizuri ni ghali na vimefungwa kama siri ya ndoa. Sisi tunatafuta cha bei ya mtu wa kawaida."

Cha bei ya mtu wa kawaida alikipata kwa wauza vyuma chakavu, ndani ya vifaa vinavyofungwa kwenye magari ili mwenye gari ajue lilipo. Kwa hiyo simu ya kaka yangu ilikuwa na moyo wa lori. Ilikuwa na tabia za lori pia. Kila kibao kilipotaka kuufikia mnara kilimeza umeme kwa pupa, betri ikapaliwa, simu ikazimika. Isipozimika, sauti yake ilifika ikiunguruma kama mtu anayeongea ndani ya pipa lenye kokoto.

Hakutaka sifa. Alitaka mtu mmoja wa nyumbani amwambie "nakusikia", na iwe kweli. Mama, kwa huruma, aliwahi kumdanganya.

"Nakusikia vizuri, mwanangu."

"Nimesema nini, mama?"

"Umesema shikamoo."

"Nilikuwa nahesabu moja hadi kumi, mama."

Alipofika kazini aliandika daftarini: Jaribio la 96. Mama ana upendo. Sauti bado.

Mume wangu ndiye aliyekuwa na maneno mengi. Alikuwa na simu nyembamba ya kisasa aliyoitembeza mezani kama bwana harusi. "Shemeji, hicho kisanduku chako nikiishiwa sabuni nitaoga nacho?" Kaka akamjibu, "Oga tu, shemeji. Nitakifungua nikikaushe. Yako ikilowa utaiombea."

Halafu aliamua kufuata sheria. Alikwenda ofisi ya mawasiliano kuomba kibali. Nilimsindikiza, kwa hiyo haya niliyasikia mwenyewe.

"Simu ya kampuni gani?" ofisa aliuliza.

"Ya kwangu."

"'Ya kwangu' haimo kwenye orodha. Kiwanda kiko wapi?"

"Ni meza moja, pembeni ya cherehani."

Ofisa akaandika. "Wafanyakazi?"

"Mimi. Na fundi cherehani, lakini yeye anashona."

Ofisa akaandika tena, akagonga muhuri, akatuambia tusubiri miezi mitatu. Ilipoisha miezi saba kikaja kibali chenye saini tatu, kinachomruhusu kaka yangu kushona nguo. Fundi cherehani, ambaye hakuwahi kuwa na kibali katika maisha yake, alikitia kwenye fremu na kukitundika ukutani. Bado kipo.

Kanisani napo palikuwa na kesi yake. Kila simu ile ilipokuwa ikiongea na mnara, spika za kanisa zilinguruma: trrr, trrr, trrr. Mara ya kwanza mchungaji alikuwa katikati ya mahubiri kuhusu adui yetu. Alisimama, akainyooshea spika mkono, akaikemea kwa jina la Yesu. Ikanyamaza, na waumini tukapiga makofi. Kaka akasimama nyuma, mtu mkweli kupita kiasi, akasema, "Samahani, mchungaji, ni mimi. Nimezima." Mimi katibu wa kwaya nilitamani sakafu inimeze. Tangu siku hiyo mzee wa kanisa alikaa mlangoni Jumapili, kazi yake kumuuliza kaka yangu kama ana kisanduku.

Nirudi kwenye Jumanne ile. Nilipofika kwenye chumba chao, fundi cherehani alikuwa amekaa bila kushona. Alinipa kisanduku na daftari. Nikasoma ukurasa wa mwisho, mwandiko wake wa kulala upande.

"Jaribio la 213. Jumatatu jioni. Nimeweka kapasita kubwa karibu na kibao ili ikitunzie umeme wa kumeza, na nyaya nene, fupi. Nimempigia mdogo wangu. Amepokea, amesema hanisikii, amekata. Mimi nimemsikia vizuri sana, hata sufuria zake. Nadhani hakusikiliza. Jaribio la 214: nimpigie kesho asubuhi. Nimwombe asikate."

Chini yake namba yangu, kana kwamba angeweza kuisahau.

"Jana alifurahi?" nikamuuliza fundi.

"Alikaa akitabasamu na kujikuna shingo. Akasema, 'Kesho atanisikia.'"

Nimemwomba Mungu msamaha kwa kukata simu ile ya Jumatatu, na naendelea kuomba.

Msiba ukaunda kamati, na kamati ikamgundua marehemu. Watu waliomwita mwendawazimu wakaanza kumwita mvumbuzi wetu. Mume wangu, mwenyekiti, akapendekeza kwa unyenyekevu mkubwa kwamba simu ile izikwe naye, iwe heshima.

"Mwenyekiti," fundi cherehani akasema, "kile kitu kinaita. Utazikaje kitu kinachoita?"

Nikasema simu ninayo mimi, nina kazi nayo. Mama miguu yake haimfikishi makaburini, na alikuwa amelia tangu asubuhi kwamba hatamzika mwanawe.

Tulimzika Alhamisi alasiri. Kabla sanduku halijashushwa nilimpigia mama kwa simu ya kisanduku, nikaishika mbele yangu kwa mikono miwili. Mchungaji akafungua kinywa, na spika za kanisa, zilizoletwa hadi makaburini, zikaanza: trrr, trrr, trrr. Watu wakageuka wote kwa pamoja, na mzee wa kanisa akanitazama mikono. Nilisikia mtu akicheka, kisha akikigeuza kicheko kuwa kikohozi.

"Zima," mchungaji akasema.

Fundi cherehani alikuwa amekaa karibu na mitambo. "Nizime ipi, mchungaji?"

Mchungaji alikitazama kisanduku, akalitazama kaburi.

"Zima spika."

Akasali kwa sauti yake ya kawaida, na waliokuwa nyuma wakasogea mbele ili wasikie. Sanduku likashushwa kwa kamba. Mchungaji akatupa udongo mara tatu, mimi nikafuata, kisha mume wangu. Nikaiweka simu sikioni.

"Mama, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Umesikia nini, mama?"

"Nimesikia mchungaji akisema mavumbini utarudi. Udongo umeanguka mara tatu, halafu wako, halafu wa mtu mwingine. Na kuna mtu hapo anapiga chafya."

Ilikuwa kweli, mzee wa kanisa alikuwa akipiga chafya kwa vumbi.

Wanaume wakachukua majembe wakajaza kaburi. Msalaba ukasimikwa, tukaweka maua, kwaya ikaimba wimbo mmoja, mchungaji akatoa baraka. Tukarudi kwa miguu. Sikukata simu hadi nilipofika mlangoni kwa mama.