Hita ya Enoki na Wageni wa Yeremia

Usiku ule sakitu, ule umande ulioganda, ilikuwa imetanda juu ya majani ya viazi, nami nililala mapema, maana huku Makete mwezi wa saba kitanda ndicho koti. Chumba cha pili alilala Tulizo, mke wa mwanangu Enoki, na kichanga chao ambacho hata jina hakijapewa, ubishi wa jina bado haujaisha. Enoki alikuwa amewaletea hita ya gesi kutoka Mbeya. Ilikuwa na ukorofi mmoja: unabonyeza kitufe, unawasha, moto unakubali. Ukiachia kitufe, unazimika. Enoki alibonyeza mpaka kidole kikafa ganzi, mwisho akakibana kitufe kwa kipande cha gunzi, akalifunga gunzi kwa mpira wa baiskeli. Moto ukatulia. Nikamsifu, nikasema ana akili za marehemu baba yake.

Basi nikaota. Niko sebuleni nafagia, mara mlango unafunguka bila hodi, anaingia Yeremia, mume wangu, na koti lile tulilomzika nalo. Nyuma yake mama mkwe Fibe. Nyuma ya Fibe shemeji Ayubu, Tusekile wa mashineni, Zakayo mpiga tarumbeta wa kanisani, na yule Anyesi niliyegombana naye kwa ajili ya bata. Wote nawajua, wote nimepika kwenye misiba yao. Wanakaa kwenye mabenchi kama watu wanaongoja bibi harusi. Nikaona aibu, ugali wa usiku umekwisha. Fibe akasema nisihangaike, hawakuja kula, wamekuja kupokea wageni. Amejifunga mbeleko mpya. Anyesi anamnong'oneza kwamba mtoto watambeba kwa zamu, Fibe anamwambia damu ni yake, asijipendekeze.

Nikauliza, mtoto gani?

Sebule ikawa chumba cha Tulizo, wala sikuona tulipopita. Tulizo amelala, kichanga kifuani. Dirisha limefungwa, chini ya mlango wamesokomeza blanketi. Hita haina moto. Lakini gesi naisikia inatoka, sss, kama mtu anayepuliza chai. Ayubu anachungulia, anawauliza wenzake kama hawa wako tayari au wazunguke kwanza warudi.

Yeremia aliinama, akaligusa lile gunzi kwa ncha ya kidole, kama alivyokuwa akigusa panya aliyekufa.

"Mama Enoki, hiki kitufe kazi yake ni kufunga gesi moto ukikosekana. Nyie mmekifunga mikono."

Nikamwambia aliyefanya hivyo ni mwanawe. Akasema huyo ni mwanangu mimi. Enzi za uhai wake ilikuwa hivyohivyo: Enoki akifaulu ni wa baba, akiharibu ni wa mama. Hata kaburini hajaacha.

Nikaling'oa gunzi. Kitufe kikaruka, tak, na ile sss ikakatika. Wageni wakaguna. Zakayo akasema wamepanda mlima wote ule bure, na magoti yenyewe haya. Fibe anafungua mbeleko polepole, anaikunja, anaikunja tena. Nikamwonea huruma mama wa watu. Lakini mtoto sikumpa.

Nikaamka. Nilikwenda peku mpaka chumba cha Tulizo. Hita ilikuwa imebakiwa na ulimi mmoja wa moto, unayumba. Nikachomoa gunzi, moto ukafa palepale, nikafunga na mtungi, nikafungua dirisha lote. Baridi ikaingia kama mwenye nyumba. Kichanga kikapiga ukelele, nikashukuru kukisikia.

Enoki akaja kutoka sebuleni alikolala, amejifunika shuka, analalamika kwamba mama namuua mtoto kwa baridi. Nikamweleza aliyekuja na waliofuatana naye, jina kwa jina. Kwa Anyesi alicheka. Nilipofika kwenye mbeleko ya bibi yake hakucheka, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mwanawe mguu. Nikamwambia hita haiwashwi tena mpaka fundi aje akague hicho kitufe na kijiti chake cha kuhisi moto, na mtoto atalala kwangu, katikati ya mablanketi na mimi.

Kisha akauliza, "Baba hakusema kingine?"

"Alisema," nikamwambia. "Wao hawana haraka."